Majibu Hasi, Uzito Unashuka: Uchambuzi wa Kisa cha Mtoto wa Uyole

Hadi mwezi wa tano, kadi ya kliniki ya mtoto huyu haikuwa na doa. Alizaliwa na kilo 3.0, akachanjwa BCG, chanjo ya TB (kifua kikuu), kabla hajatoka wodini, wiki ya sita akawa na kilo 4.6, mwezi wa tano kilo 7.0. Mwezi wa sita alipimwa 7.2. Wa saba, 7.2 tena. Wa nane, 7.0. Alipoletwa kuchomwa chanjo ya surua-rubela akiwa na miezi tisa, mzani ulisoma kilo 6.9, na kwa mtoto wa kiume wa umri huo, chini ya kilo 7.1 tayari ni uzito pungufu.

Mama yake anaishi na VVU. Aligundulika miaka minne nyuma, wakati wa ujauzito wa binti yake wa kwanza, na tangu hapo hajakosa dawa. Wingi wa virusi katika damu yake uko chini ya kiwango cha kuonekana. Mtoto alipewa nevirapini, dawa ya kumkinga na VVU, tangu siku ya kuzaliwa hadi wiki ya sita, akaanza septrini ya kuzuia maambukizi mengine, akatolewa damu ya kisigino kwa ajili ya DBS, kipimo cha VVU cha tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi. Majibu: hasi. Kipimo kilirudiwa miezi tisa. Hasi tena.

Kisa chenyewe, cha TB iliyojificha kwa mtoto wa mama mwenye VVU, nimekisuka kutokana na mambo yanayojirudia katika vituo vyetu vya nyanda za juu kusini, kwa hiyo asitokee mtu akaanza kutafuta familia ni ipi. Uyole, hapa Mbeya, nimeichagua kwa sababu ya baridi yake, na baridi ina nafasi yake katika habari hii.

Katikati ya miezi ile minne mtoto aliletwa kituoni mara mbili akiwa na kikohozi na homa za jioni. Mara zote mbili alipewa amoksilini. Mara ya kwanza alipata nafuu ya siku chache, ya pili hata hiyo hakuipata. Ukisoma maandishi ya mahudhurio hayo unaona kitu kimoja kimeandikwa juu kabisa, kwa wino mzito: mama VVU, mtoto DBS hasi. Chini yake ni maelezo ya kifua, kisha dawa. Hakuna mstari unaosema anaishi na nani.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame. Lile neno hasi lilifanya kazi mbili. Kazi ya kwanza ilikuwa halali: kusema mtoto hana VVU. Ya pili hakuna aliyeipa, nayo ni kusema mtoto hana hatari. Mhudumu akiona kadi ya mama mwenye VVU, akili yake yote inakwenda kwenye swali moja, je, virusi vimepita? Likishajibiwa vizuri, kila mtu anashusha pumzi na mtoto anahamia kundi la watoto wengine wote wanaokohoa msimu wa baridi. Na kundi hilo Mbeya ni kubwa.

Hali ya eneo letu inajulikana. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulionyesha kuwa kati ya watu wa miaka 15 na kuendelea, wenye VVU ni asilimia 4.4 kwa nchi nzima. Njombe ilikuwa 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Hii ndiyo mikoa mitatu ya juu kabisa. Upande wa pili, kazi ya kuzuia maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto imefanyika kwa bidii, hivyo wengi wa watoto wa mama hawa wanazaliwa na kukua bila virusi. Ni ushindi, na mimi ni miongoni mwa wanaoufurahia. Lakini ushindi huo umetuachia kundi kubwa la watoto ambao hawamo kwenye faili la wagonjwa wa VVU, na wakati huohuo si sawa kabisa na mtoto wa jirani ambaye mama yake hana virusi.

Tofauti yao inatoka pande mbili. Kuna mwili: mtoto huyu hupokea kinga pungufu kutoka kwa mama kupitia kondo la nyuma, na seli zake za ulinzi zimekulia tumboni mwa mwili uliokuwa vitani. Watoto wa namna hii hulazwa zaidi kwa nimonia na maambukizi mengine kuliko wenzao. Kwamba kwa TB nao huugua kirahisi zaidi wakivuta vimelea vilevile, watafiti bado wanabishana. Upande wa pili hauna ubishi. Ni nyumba. VVU na TB hukaa nyumba moja, ukoo mmoja, chumba kimoja cha kupanga. Anayeishi na mtu mzima mwenye VVU ana uwezekano mkubwa wa kuishi na mtu mzima mwenye TB, awe ni mama mwenyewe, awe baba, awe shangazi aliyekuja kuuguzwa.

Katika kisa hiki hakuwa mama. Mama huulizwa maswali ya TB kila anapokwenda kuchukua dawa: unakohoa, una homa, umepungua, unatoka jasho usiku? Hapana, hapana, hapana, hapana. Na ni kweli. Tena alikuwa amemaliza miezi sita ya isoniazidi, dawa ya kuzuia TB, kabla ya ujauzito huu. Faili lake lilikuwa safi, na usafi huo nao ulichangia kumficha mtoto.

Aliyefungua jambo ni nesi wa chumba cha chanjo, na alilifungua kwa bahati ya kuongea na mtu sahihi. Siku ile mama alikuwa Mwanjelwa sokoni, mtoto akaletwa na bibi yake mzaa baba. Mazungumzo yalikwenda hivi:

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Mjukuu wako amekonda. Nyumbani mnalala wangapi?”

“Mimi, hawa wazazi wake, dada yake, na baba yake mdogo amerudi kutoka Chunya.”

“Na nani anakohoa kati yenu?”

“Hakuna mgonjwa kwetu. Labda huyo baba mdogo, lakini lile ni vumbi la machimbo tu. Tangu arudi ndiyo yuko hivyo.”

“Amerudi lini?”

“Mwezi wa tatu, kabla ya Pasaka.”

Ilikuwa Julai.

Linganisha swali hilo na lile lililochapwa kwenye fomu zetu nyingi: je, nyumbani kuna mgonjwa wa TB? Bibi angejibu hapana, na asingekuwa amedanganya. Mgonjwa wa TB ni mtu aliyepimwa akaambiwa. Baba mdogo hakuwa amepimwa. Alikuwa amenunua dawa za kikohozi na vidonge vya rangi mbili kwenye duka la dawa, akapata nafuu, akakohoa tena. Fomu inauliza jina la ugonjwa wakati mtu wa nyumbani anachojua ni sauti anayoisikia usiku. Nikipewa nafasi ya kubadilisha kitu kimoja tu kwenye karatasi zile, nitabadilisha hilo.

Wachimbaji wadogo wa dhahabu wana hatari kubwa ya TB, na hapa Mbeya mtu asiyejua hilo atakuwa mgeni. Vumbi la mawe lenye silika huharibu mapafu na kuvipa vimelea mlango. Halafu watu wanalala wengi kambini, wanahamahama, kipimo kiko mbali. Baba mdogo alipopelekwa kutoa makohozi, mashine ya GeneXpert, inayotafuta vimelea vya TB, ilisoma kwamba vimelea vipo, tena kwa wingi, na rifampisini, dawa kuu ya TB, inaviweza.

Sasa ile baridi. Juni na Julai Uyole dirisha halifunguliwi. Jiko la mkaa linaingizwa ndani jioni, mlango unasukumwa, na watu wanakaa karibu. Mama anatoka alfajiri kwenda sokoni, baba ni dereva wa bajaji, bibi ana shughuli za shamba. Aliyebaki nyumbani na mtoto mchana kutwa, akimbeba, akimwimbia, akimlaza kifuani, ni baba mdogo ambaye hakuwa na nguvu ya kazi nyingine. Alikuwa mlezi mzuri. Nalisema kwa sababu baadaye walitaka kumtenga kama mkosaji, na nesi ilimbidi aseme nao kwa ukali kidogo.

Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, kuvuta vimelea vya TB si jambo la kusubiri tuone. Mtu mzima mwenye kinga nzuri akiambukizwa, uwezekano wa kuugua maisha yake yote ni kama asilimia 5 hadi 10. Mtoto mchanga asiyepewa tiba kinga, yaani dawa ya kuzuia asiugue, ni karibu nusu. Kati ya watoto 100 wa umri huo walioambukizwa, 10 hadi 20 hupata aina mbaya zaidi, TB ya utando wa ubongo au ile inayosambaa mwili mzima. BCG hupunguza hasa aina hizo mbaya. TB ya mapafu haiizuii kwa kiwango cha kutegemea, na lile kovu begani lisimdanganye mzazi wala mhudumu.

Nyumbani, wakati haya hayajajulikana, maelezo yalikuwepo tayari. Mtoto amebemendwa. Bibi aliliona mapema: mtoto anakonda, miguu imelegea, analia usiku, basi wazazi hawakuvumilia kukaa bila tendo la ndoa wakati mtoto ananyonya. Au baba anatoka nje. Mama alishambuliwa kwa miezi miwili. Alipelekwa mara moja kwa mama mmoja wa mtaani anayetengeneza dawa ya kuogea, akaenda kwa sababu kukataa kungemaanisha kukiri. Wahudumu wengi wakisikia kubemenda hucheka au hukaripia. Mimi naona ni kosa la kiufundi, achilia mbali adabu. Bibi huyu aliona mtoto anapungua kabla ya kituo kuona. Dalili aliisoma sawasawa, sababu ndiyo aliyokosea. Mtu anayesema mtoto amebemendwa anakuambia kuna mtoto nyumbani ambaye uzito wake umesimama, na hiyo ni taarifa ya TB mpaka ithibitike vinginevyo.

Kulikuwa na jingine lililomfunga mama mdomo. Ukweni hawajui kuwa ana VVU. Mume anajua, wawili hao wamekubaliana iishie hapo. Kwa hiyo kila kituo kilipotaja mhudumu wa jamii kumtembelea nyumbani, alikataa kwa upole na kwa uthabiti. Mtaani kila mtu anajua yule dada mwenye begi la bluu anafuatilia watu gani. Kwenye faili iliandikwa kwamba mama hatoi ushirikiano. Sentensi hiyo haimtendei haki. Mwanamke aliyemeza dawa kila siku kwa miaka minne huku amejificha na mkwe wake ndani ya nyumba ya vyumba viwili ametoa ushirikiano kuliko wengi wetu tungeweza.

Kufuatilia TB kulifungua njia ambayo kufuatilia VVU kusingeifungua. Mgonjwa rasmi sasa ni baba mdogo. Mratibu wa kifua kikuu na ukoma aliingia nyumba ile kwa jina lake, akawapima wote kwa sababu yake, na hakuna aliyehitaji kueleza kwa nini mama ana kadi mbili. Hili linafaa kufundishwa: katika nyumba yenye siri, ingia kwa mlango ambao hauigusi siri.

Uchunguzi wa mtoto ulikwenda hivi. Mtoto wa miezi tisa hawezi kutoa makohozi, hivyo kilichukuliwa choo, kikapimwa kwa GeneXpert. Hakikuonyesha vimelea. Siku za nyuma hapo ndipo faili lingefungwa, na bado kuna sehemu linafungwa. Watoto huwa na vimelea vichache. Kipimo kikisema vipo, amini, kikisema havipo, endelea kutafuta. Picha ya kifua ilionyesha tezi zilizovimba upande wa kulia karibu na mzizi wa pafu. Ukiunganisha tezi, uzito unaoshuka, kikohozi cha zaidi ya wiki mbili kisichosikia amoksilini na mtu mwenye vimelea vingi chumba kimoja naye, uamuzi wa kuanza tiba hauhitaji mashine. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2022 unawapa wahudumu utaratibu wa kuamua kwa alama hata pasipo picha.

Alianza dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili. Kwa kuwa TB yake haikuwa kali (tezi hazikuziba njia ya hewa, ubongo haukuguswa), alistahili muda mfupi wa miezi minne uliothibitishwa na utafiti wa SHINE kwa watoto 1,204 wa Uganda, Zambia, Afrika Kusini na India. Vidonge vya siku hizi vinayeyuka kwenye maji na vina ladha tamu. Kwa kilo 6.9 anapata kidonge kimoja cha mchanganyiko pamoja na kimoja cha ethambutoli. Akifika kilo 8 vinakuwa viwili viwili. Wapo watoto wanaoanza na kidonge kimoja na kumaliza na kimoja ilhali wamenenepa, maana yake wamepunguziwa dawa bila mtu kukusudia. Mpime kila anapokuja, na uzito uongoze dozi.

Mama aliuliza kama aache kunyonyesha. Hapana. TB haipiti kwenye maziwa, na mama mwenyewe hakukutwa nayo. Kipimo cha mwisho cha VVU kinasubiri afikishe miezi 18 na awe ameacha ziwa.

Nilipokisimulia kisa hiki kwa wenzangu, swali la kwanza lilikuwa lilelile: kwa nini watoto wote wa mama wenye VVU wasipewe isoniazidi tangu wakiwa wachanga, tukamaliza mambo? Ni wazo la busara, na limejaribiwa. Afrika Kusini na Botswana waliwapa watoto wachanga isoniazidi au dawa bandia kwa wiki 96: 548 wenye VVU, na 804 waliozaliwa na mama wenye VVU lakini wao hawana. Wote walikuwa wamechanjwa BCG, na hakuna aliyejulikana kuishi na mgonjwa wa TB wakati wa kuanza. Matokeo yalitoka 2011: dawa haikuleta tofauti katika kundi lolote. TB yenyewe ilikuwa nyingi mno, matukio 41 kwa kila watoto 1,000 wasio na virusi wakifuatiliwa mwaka mmoja, na 121 kwa wenye virusi. Magharibi mwa Kenya walijaribu tena kwa watoto 300 wasio na virusi kwa mwaka mmoja, na hawakupata kinga ya kutegemewa.

Wengine wanasoma matokeo hayo kama habari mbaya. Mimi nayasoma kama maelekezo. Kumwagia kila mtoto dawa bila kujua nani anakohoa hakusaidii vya kutosha. Kumpa tiba kinga mtoto aliyekaa na mgonjwa kunasaidia sana, na hilo halina mjadala kwa walio chini ya miaka mitano, wawe na VVU au wasiwe nayo. Yaani kazi haiwezi kuhamishiwa kwenye chupa. Inabaki kwenye swali la bibi.

Aprili, baba mdogo akiwa na wiki kadhaa nyumbani na mtoto akiwa bado ana uzito mzuri, ndipo dirisha lilipokuwa wazi. Angetambuliwa wakati ule, mtoto angechunguzwa, angeonekana mzima, angepewa rifampisini na isoniazidi kwa miezi mitatu. Nevirapini alikuwa ameshaiacha wiki ya sita, hivyo hakukuwa na kizuizi. Mtoto ambaye bado anatumia nevirapini hapewi rifampisini, kwa kuwa inaishusha nevirapini mwilini. Huyo hupewa isoniazidi peke yake miezi sita. Hili linasahaulika sana kwenye vyumba ambako dawa ya VVU inatolewa dirisha moja na ya TB dirisha jingine.

Dada yake, wa miaka minne na kilo 15, hakuwa na dalili hata moja, na ndiye aliyefaidika na tiba kinga: vidonge vitatu kila siku kwa miezi mitatu. Bibi ndiye anayempa. Alipoelezwa kwamba mjukuu hakubemendwa, hakuomba radhi kwa mkwewe, ila tangu siku hiyo dirisha la sebule linafunguliwa asubuhi hata kukiwa na umande, na anayelifungua ni yeye.

Mwezi wa pili wa tiba mtoto alifika kilo 7.9, gramu 100 pungufu ya kuongezewa kidonge. Baba mdogo naye alianza kupata nguvu, na akipata nguvu anafikiria Chunya. Badala ya kumkatalia, mratibu alimjazia fomu ya uhamisho kwenda kliniki ya TB ya huko, akachukua majina ya watu waliolala naye kambini, akayapigia simu. Watatu walipatikana. Wawili walikuwa wanakohoa, na mmoja wao ana mke mjamzito anayehudhuria kliniki Makongolosi. Wa nne na wa tano walikuwa wamehamia duara jingine, yaani shimo jingine la dhahabu, na namba zao hazipatikani.